Baba Akiwa Nchi Kavu

Kipili, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, watoto wa wavuvi waliujua mwezi kabla ya kujua kusoma. Mwezi ukifa na giza likatanda, baba hayupo, yuko majini na taa zake. Mwezi ukikomaa, ziwa zima likawa linameta, baba yuko nyumbani. Hakuna aliyewafundisha. Walitazama juu jioni, wakajua kama usiku ule kuna mtu wa kumrukia au hakuna.

Mambo yenyewe yako hivi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwanga huwavuta vijidudu wa majini kuja juu, dagaa hufuata chakula chao, na migebuka hufuata dagaa. Lakini mbalamwezi ikiwaka, mwanga unatapakaa ziwa lote, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na samaki hawakusanyiki. Basi nyavu huanikwa, mashimo huzibwa, na wanaume hulala usiku kama watu wengine. Furaha ya baba na mtoto, jambo ambalo kila mtu hudhani huja tu lenyewe, pale Kipili ilikuwa na kalenda.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikua hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto wa mvuvi na wa mama aliyeanika dagaa. Alfajiri za giza, watoto walikuwa mwaloni kabla jua halijatoka, wakisubiri mitumbwi. Karabai zilizokesha zikiwaka zilionekana kwa mbali, moja baada ya nyingine, kisha zikazimwa. Baba aliposhuka, mikono ikinuka mafuta ya taa na magamba, hakumnyanyua mtu. Mwaloni kulikuwa na wanaume wenzake, na wazee. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Mama yako ameamka?" Mkono ukaguswa kichwani, basi.

Mchezo ulikuwa uani. Huko baba alijilaza kifudifudi juu ya mkeka akawa mamba. Alifumba jicho moja, jingine akaliacha wazi kidogo, na mtoto alinyata kutoka upande wa jiko hadi amguse pua. Mamba alivumilia. Aliguswa mara ya kwanza, hakutikisika. Mara ya pili, hakutikisika. Mara ya tatu taya zikafunguka na uani kote kukawa kelele. Hodi ikibishwa tu, mamba aliinuka, akajipangusa vumbi magotini na kukaa juu ya kigoda, mtu mzima aliyekuwa akingoja wageni tangu asubuhi. Mgeni alikaribishwa kwa heshima zote. Mtoto, ambaye moyo ulikuwa bado unamdunda, alijua kwamba hilo halisemwi nje.

Mama yeye hakuwa na haja ya kujificha. Kazi yake ilikuwa mchangani, mchana, mbele ya watu. Dagaa walitandazwa juu ya mchanga wakauke kwa jua, na mtoto alipewa kijiti cha kufukuza kunguru. Hatari ilikuwa mvua. Wingu likiinuka upande wa Kongo, wanawake walipiga kelele, kila mtu akakimbilia fungu lake, maana dagaa aliyelowa huoza, na kazi ya usiku mzima hupotea kwa nusu saa. Mwandishi anaikumbuka vizuri zaidi ile mara mvua iliposhinda mbio zao. Nusu ya dagaa ilikuwa imekwisha kuokolewa, nusu imelowa chapachapa, na hapakuwa na la kufanya tena. Mama alisimama katikati ya mchanga, akatazama beseni, akatazama juu, akaangua kicheko. Kisha akamshika mwanawe mikono yote miwili wakazunguka kwenye mvua mpaka kanga ikamng'ang'ania miguuni. Wanawake wengine wakajiunga. Hasara ilibaki kuwa hasara, na jioni chakula kilikuwa kidogo, lakini mtoto aliyechezeshwa vile na mama yake hajaisahau mvua hiyo mpaka leo.

Kulikuwa pia na furaha iliyokuja na honi. Meli ya Liemba ilipokaribia, wazazi wenyewe waligeuka watoto. Meli hiyo ina historia yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa watoto wa Kipili yote hayo yalikuwa hadithi za baadaye. Walichojua ni kwamba meli haifiki ufukoni, inatia nanga mbali, na mitumbwi inapiga makasia kuikimbilia, ikibeba abiria, magunia, kuku na wanawake wa biashara. Siku hiyo hata baba mwenye heshima zake alimpandisha mwanawe mabegani mbele ya watu wote, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaitazama meli.

Ukipanda kutoka ziwani, ambalo liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapita Namanyere mpaka Sumbawanga, iliyo kwenye mita 1,800 hivi, unaingia nchi nyingine ya malezi. Juu huko, kwenye uwanda wa Ufipa, ni mahindi, maharage na ulezi. Baba mkulima analala nyumbani mwaka mzima, mwezi uwake usiwake. Baridi ya Ufipa huwakusanya watu jikoni, na hapo ndipo hadithi huzaliwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti kwa Wafipa katika miaka ya 1960, alivutiwa na sanaa hiyo ya masimulizi kiasi cha kuitolea kitabu kizima mwaka 1978. Mwandishi, alipopelekwa kwa bibi yake uwandani, alishangaa kuona wanaume wanaopatikana kila jioni. Babu aliwatania wajukuu wa kike kwamba ni wake zake wasiojua kupika, nao wakamjibu kwamba yeye ni mume asiye na meno. Utani wa babu na mjukuu umeruhusiwa siku zote. Baba na mtoto ndio waliowekewa mpaka.

Mpaka huo ulilegea mara ya kwanza kwa sababu ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uchumi wa Tanzania uliyumba. Sabuni, sukari, nguo na mafuta ya taa viliadimika, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Pwani ya Kipili, bila mafuta ya taa hakuna karabai, na bila karabai hakuna dagaa. Kukawa na usiku wa giza ambao mitumbwi ilibaki mchangani. Wazazi walikuwa na wasiwasi wa chakula na madeni, na watoto waliusikia kwenye sauti zao. Hata hivyo baba alikuwepo, na mamba wa uani akaanza kuonekana siku zisizo zake.

Neno "alikuwepo" lina uzito ambao watafiti wamekuja kuuthibitisha, na baadhi yao waliuthibitishia hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za vijijini karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao katika mambo ya kila siku. Kati ya mambo aliyoyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1967 ni namna watoto wale walivyompokea mama anaporudi. Walitabasamu, walipiga kelele za furaha, walinyoosha mikono wabebwe, wengine walipiga makofi. Mtoto hampokei hivyo mtu yeyote tu. Humpokea yule ambaye mara nyingi amemwitikia. Kila kicheko cha ghafla kinasimama juu ya vingine vingi vilivyopita.

Kisha ziwa lenyewe likabadilika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Wavuvi nao waliongezeka, na nyavu zikawa nyingi kuliko zamani. Samaki wakipungua karibu, mvuvi huenda mbali. Wadogo zake mwandishi, waliorithi kazi ya baba yao, walianza kuhamia dago, kambi za uvuvi ambako mtu hukaa majuma mengi bila kurudi nyumbani. Karabai zikaachia nafasi taa za betri na za sola. Liemba, iliyokuwa imezoeleka kama msimu, ikasitisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010 ikingoja ukarabati. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuzoea kukimbilia honi.

Simu iliingia katikati ya mabadiliko hayo, nayo haistahili kulaumiwa kwa kila kitu. Ni kweli wapo wazazi ambao jioni macho yao yako kwenye kioo huku mtoto akivuta shati. Lakini kwa baba aliye dago, simu ndiyo njia pekee iliyobaki. Mmoja wa wadogo zake mwandishi alikuwa akipiga kabla ya kuingia majini, mke wake akiweka spika. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa hazungumzi. Alikuwa anabweka. Baba upande wa pili alibweka pia, na wakaenda hivyo mpaka salio likaisha.

Halafu likaja jambo ambalo Kipili haikuwahi kuliona. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, serikali ilifunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kwa wavuvi ulikuwa uamuzi mzito. Kipato kilikatika, madeni ya dukani yaliongezeka, na wanaume waliozoea kutafuta riziki usiku walijikuta wakitafuta vibarua vya mchana. Mwandishi hataki kulipamba hilo. Njaa haimchekeshi mtoto.

Lakini kwa miezi mitatu, giza liingie lisiingie, akina baba walilala nyumbani. Wengine walikuwa na watoto wa umri wa kutembea ambao hawakuwahi kukaa nao mfululizo. Jioni moja ya Juni, upepo wa kusi ukivuma, mdogo wake mwandishi aliitoa taa ya kuvulia iliyokuwa imelala stoo tangu Mei, ili tu aangalie kama betri bado inashika chaji. Aliiwasha ndani. Kivuli cha mkono wake kikaruka ukutani, kikubwa kuliko mlango, na binti yule akapiga yowe la woga. Baba akakunja vidole, kivuli kikawa na mdomo. Kikabweka. Mtoto akanyamaza, akakitazama, kisha akakibwekea. Mkewe alikuja kutoka jikoni na mwiko mkononi, na mwiko ukawa shingo ya twiga. Ugali uliungua, wakaula hivyo hivyo.

Juni hiyo hiyo, tarehe 11, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa miezi michache kabla. Tanzania yenyewe ilikuwa imekwisha kuzindua, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inahesabu malezi yenye mwitikio na fursa za kujifunza mapema pamoja na afya, lishe na usalama. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba baba anayebweka na mwanawe anafanya kazi ya malezi, na hana sababu ya kujipangusa vumbi akisikia hodi.

Hapo ndipo mwandishi anaona mabadiliko makubwa kuliko yote. Muda wa kuwa pamoja unabanwa na dago, na ziwa halitabiriki. Aibu, hata hivyo, imepungua. Vijana wa leo wanawarusha watoto wao juu mwaloni, mchana kweupe, wazee wakiwapo.

Ziwa lilipofunguliwa, mdogo wake mwandishi alirudi kazini, lakini alasiri, wakati wa kuandaa nyavu, alianza kumpakia binti yake kwenye boti iliyovutwa mchangani. Binti ni nahodha. Anapiga honi kwa mdomo, anatoa amri, na baba yake anapiga kasia hewani. Siku ambayo mwandishi alikuwepo, babu wa mtoto, yule yule mamba wa miaka ya 1980, alipita na fimbo yake akitokea msikitini. Wanaume walikuwa wamejaa mwaloni. "Babu, panda! Tunaondoka!" nahodha aliamuru. Mzee alisimama, akawatazama wenzake, akampa mtu fimbo amshikie, akainua kanzu na kuingia botini. Akaambiwa nauli ni shilingi elfu moja. Akalalamika kwa sauti kwamba ni ghali, akaomba apunguziwe, akakataliwa, na mwalo mzima ukacheka nahodha alipotishia kumshusha katikati ya maji.