Swali la mama aliyerudi wodini

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mama mmoja kutoka Itilima, mkoani Simiyu, alipanda bodaboda kurudi katika hospitali ambako wiki sita nyuma alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mkononi alishika kadi yake ya kliniki.

Nyumbani hakuna aliyemuunga mkono. "Mwanangu, acha. Kazi ya Mungu haina makosa," alisema mama mkwe. Mumewe alikuwa na hofu nyingine: "Mimba ijayo utakwenda kwa watu walewale."

Hakwenda kugombana. Alikuwa na swali moja: usiku ule, nani alimpima?

Mzazi, jibu la swali hilo huandikwa. Kila mjamzito mwenye uchungu uliokolea hufunguliwa chati iitwayo patografu. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na njia hupimwa kila baada ya saa nne. Mambo yakienda kombo, chati huonyesha mapema kwamba mama anahitaji daktari.

Mganga mfawidhi aliitafuta chati, akaifungua mbele yake. Alama ziliishia saa tano usiku. Zilianza tena saa kumi na moja alfajiri.

Kisha akaelezwa jambo ambalo hakulitarajia: mkunga wa zamu alikuwa peke yake, na mama mwingine alikuwa akitokwa damu nyingi chumba cha pili.

Hapo wengi hukata tamaa, ama humtupia mkunga lawama zote. Lakini si kila kifo cha mtoto ni uzembe, na si kila uzembe ni wa mtu mmoja.

Malalamiko huanza kwa barua kwa uongozi wa kituo au mganga mkuu wa wilaya. Baki na nakala. Linalomhusu daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. La muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza hayo yanaweza kumwadhibu mtaalamu hata kumfutia usajili. Fidia hudaiwa mahakamani, na kwa kawaida shauri la uzembe lifunguliwe ndani ya miaka 3.

Majirani zetu Kenya wameona matunda yake. Mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013 alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe Sh2.5 milioni za Kenya.

Mama wa Itilima hakudai fedha. Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja: kwa nini wodi nzima iliachiwa mkunga mmoja?

Hajui, na huenda asijue kamwe, kama mwanawe angepona. Lakini jioni ile mumewe aliisoma nakala ya barua mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na kadi ya kliniki.

"Mimba ijayo," alisema, "tutakwenda wote."