Kimo cha Lori na Watu wa Dirishani: Usiku Mmoja Hunts Point



Zipo nyumba hapa pwani ambazo ada ya skuli, kodi ya nyumba na dawa za sukari za nyanya hutoka kwa kijana mmoja anayeendesha lori Marekani. Fedha huingia kwenye simu mwisho wa mwezi, mama akamshukuru Mola wake, na siku ikaendelea. Juma hili nataka niwapeleke wasomaji wetu watukufu, hasa kina mama, mahali pamoja ambapo fedha hizo hutafutwa. Si mahali pa kupigia picha. Watalii wa New York hawafiki huko, na wenyeji wengi wa jiji hilo hula chakula kinachopitia hapo bila kupajua.

Mahali penyewe ni Hunts Point, rasi iliyoko kusini mwa Bronx, baina ya mto Bronx na ule mkono wa bahari uitwao East River. Soko kuu la matunda na mboga la jiji lilifunguliwa hapo mwaka 1967. Soko la nyama liko jirani. Na mwaka 2005 soko la samaki la Fulton, lililokuwa Manhattan tangu karne ya kumi na tisa, likahamishiwa huko. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sehemu kubwa ya New York iko visiwani, na Bronx ndiyo iliyoshikana na bara. Kila tufaha na kila kitunguu hakina budi kuvuka daraja, kama vile vyetu vinavyovuka Makupa. Tofauti ni kwamba sisi tuna madaraja ya kuhesabu kwa vidole, ilhali wao wana mamia, na mengi yalijengwa kabla ya kuwepo lori la ukubwa tulioupanda usiku ule.

Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Majengo. Kampuni yake ilimpa idhini ya maandishi ya kunichukua, maana sheria za huko haziruhusu dereva kumpakia amtakaye. Tulipakia matufaha Pennsylvania, tukasimama New Jersey kwa Maghribi na Isha tukizijumuisha na kuipunguza Isha, na kufikia saa tano za usiku tukawa juu ya daraja la George Washington, lililofunguliwa mwaka 1931. Kulivuka tu, kwa lori la ekseli tano, ni zaidi ya dola 100. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hata daraja lina njaa." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kifaa kidogo kilichobandikwa mbele yake.

Kifaa hicho ndicho msimamizi wake asiyelala. Dereva wa lori Marekani haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, na saa hizo sharti ziwemo ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Tangu Disemba 2017 hesabu hiyo haiandikwi tena kwa kalamu, bali huandikwa na mashine iliyounganishwa na injini. Foleni ikimzuia mlangoni mwa soko kwa saa tatu, zile saa 14 hazimsubiri. Zikiisha hana ruhusa ya kuendelea, na mahali pa kuegesha lori jijini ni adimu kama kivuli jangwani. Basi kila anayemchelewesha humla dereva katika muda wake, hata kama hakumgusa mfuko. Watu wa mitaani wanalijua hilo barabara.

Jambo la pili ni kimo. Trela la kawaida la Marekani lina urefu wa futi 13 na inchi 6 kwenda juu, yaani mita 4 na kidogo. Pembezoni mwa New York ziko barabara ziitwazo parkway, zilizojengwa kwa ajili ya magari madogo ya matembezi. Ile ya Bronx River ilikamilika mwaka 1925. Ni nzuri mno, zina miti pande zote, na madaraja yanayopita juu yake ni ya mawe, ya duara, tena mafupi. Malori yamekatazwa humo. Nyingi zilizofuata ni kazi ya Robert Moses, aliyeshika ujenzi wa jiji lile kwa miongo kadhaa. Mwandishi Robert Caro alieleza mwaka 1974 kwamba madaraja ya Long Island yalifanywa mafupi makusudi ili mabasi ya masikini na watu weusi yasifike ufukweni. Wengine wamempinga, wakisema mabasi yalikuwa yamekatazwa humo tangu awali. Mimi si wa kuamua baina yao. Ninachojua ni kwamba kijana mgeni anayefuata ramani ya simu, ambayo imetengenezwa kwa gari dogo, huelekezwa humo bila huruma, na paa la trela likafunguka kama kopo la samaki. Mzigo huharibika, polisi hufika, na kazi yake aghalabu huishia hapo.

Mpwa wangu ana kifaa cha njia kilichotengenezwa kwa malori, ambacho amekiandikia kimo na uzito wake. Juu ya hicho ana karatasi aliyoiandika kwa mkono, ya madaraja asiyoyaamini. Nilipomuuliza aliyapataje, akanisimulia.

Katika mwaka wake wa kwanza alifika Bronx usiku, njia imefungwa na matengenezo. Akaja mtu aliyevaa fulana ya kung'aa, kama wavaavyo wafanyakazi wa barabara, akamwambia, "Nifuate, nakufikisha sokoni kwa dola 20." Akamfuata. Yule alikuwa na gari dogo, akapita chini ya daraja la reli bila wasiwasi, na mpwa wangu akasimama mbele ya kibao kinachosema futi 12. Nyuma yake magari yameshajazana, yanapiga honi. Mara yule mtu akarejea na wenzake wawili: wako tayari kuzuia magari ili arudi nyuma, lakini sasa bei ni dola 100. Alitoa. "Mjomba," aliniambia, "nilikuwa natetemeka. Sikuzihesabu hata mara ya pili."

Usiku wetu, tulipotoka kwenye barabara kuu ya Bruckner na kuingia mitaa ya Hunts Point, watu wa dirishani hawakukawia. Wa kwanza alipunga mikono akielekeza tairi la nyuma, eti linatoa moshi. Mpwa wangu hakusimama. Alitazama kioo, akatazama kipimo cha upepo wa breki, akaendelea polepole hadi penye taa na malori mengine, ndipo akashuka kukagua. Tairi lilikuwa zima. Wa pili aliuza saa na manukato. Wa tatu alidai ada ya maegesho katika mtaa ambao si wake. Wapo pia wanawake waliofikwa na dhiki kubwa, nami sitaeleza zaidi katika ukurasa huu unaosomwa na watoto. Mpwa wangu alishusha pazia, na nilimwona anainamisha macho kama alivyofundishwa na mama yake.

Haki nayo isemwe. Kusini mwa Bronx ni miongoni mwa sehemu masikini zaidi za Marekani. Malori haya hupita mlangoni mwa watu hao mchana na usiku, na malalamiko yao kuhusu pumu ya watoto ni ya miaka mingi. Chakula cha mamilioni kinapita, wao wanabaki na moshi. Nilimwona mzee mmoja akiuza maji na soksi kwa bei iliyo wazi, hamsumbui mtu. Tulinunua soksi. Umasikini ulikuwa mmoja kwake na kwa yule wa tairi, lakini mmoja alichagua kuuza na mwengine akachagua kutisha.

Ndani ya soko kuna mahamali wanaoshusha mzigo. Kazi yao ni halali na ngumu. Sheria ya Marekani inakataza kumlazimisha dereva kuwakodi, lakini dereva ambaye hakuwakodi anaweza kujikuta wa mwisho katika foleni, na hapana aliyemwambia kwa mdomo kwamba amelazimishwa. Mpwa wangu alikubaliana bei kabla mlango wa trela haujafunguliwa, akataka risiti ili kampuni imrejeshee.

Tukiwa tunangoja, akaniuliza swali ambalo naona alikuwa nalo kwa muda: zile dola 100 za chini ya daraja, je, alitoa rushwa? Nilimjibu kwa kadiri ya nilivyosoma. Mafakihi wametenganisha anayetoa mali ili apate kisicho haki yake na anayetoa ili ajikinge na dhuluma, hana njia nyengine, na hakumdhulumu mtu katika kutoa kwake. Huyu wa pili, dhambi iko kwa mpokeaji. Alinyamaza kidogo. "Niliziandika kuwa ni za mafuta," akasema, "ili kampuni inirejeshee." Hilo nikamwambia ni suala jengine, na fedha zile ni za kampuni. Aliniahidi atazirudisha kutoka mshahara wake. Dada yangu akiona mwezi mmoja umepungua, na ajue sababu.

Matufaha yalimalizika kushushwa yapata saa tisa na nusu. Kabla ya kuondoka alitoa ufito mrefu wa kupimia, akausimamisha ubavuni mwa trela. Trela lake ni la springi. Likiwa tupu huinuka, na usiku ule lilikuwa limepanda inchi mbili. Ndiyo maana madereva hupita chini ya daraja wakienda na mzigo, wakaligonga wakirudi bila mzigo. Akafungua ile karatasi yake, akakata kwa kalamu njia moja tuliyokuja nayo, akachagua ya mbali zaidi.

Simu ikalia. Mombasa ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na mama yake alitaka kujua kama amekula. Alimwambia amekula. Kifaa cha mbele kilionyesha dakika 22 zilizobaki, na mahali pa kulala tulikuwa bado hatujapapata. Akaaga, akasoma dua yake, akawasha injini.