Majina Yanayongoja Jua

Alimbongo iko juu mlimani, katika barabara ya Butembo kwenda Goma, na ukungu tunaujua. Mawingu ya Ubelgiji hayakunisumbua. Nilishangazwa zaidi na tramu namba 44, inayotoka Montgomery mjini Brussels, ikapita katikati ya msitu hadi Tervuren, lilipo jumba la makumbusho ya Afrika.

Yaya, ndugu yangu mkubwa anayeishi huko, alinipa agizo moja: "Ukiingia ukumbi wa mviringo, tazama juu kwanza."

Juu kuna sanamu za dhahabu za Arsène Matton. Moja inaitwa Ubelgiji ikileta ustaarabu Kongo: mzungu mrefu, na Mkongo mdogo chini yake. Goma nasi tuna sanamu ya dhahabu, ila ya kwetu ni ya mtu wa chukudu, kigari cha mbao cha mizigo, anayesukuma mzigo wake mwenyewe.

Jumba lilifunguliwa mwaka 1910 na sheria inalilinda kama urithi, kwa hiyo sanamu hazing'oki. Ndipo wasanii wa leo wakaingia. Lilipofunguliwa upya Desemba 2018, kichwa kikubwa cha mbao iliyotobolewa, kazi ya Aimé Mpane wa Kinshasa, kilikuwa kimesimama ukumbini. Baadaye yeye na Mbelgiji Jean Pierre Müller walitundika mapazia mepesi yenye picha mbele ya sanamu 16. Dhahabu bado inaonekana kwa nyuma, lakini sasa inachungulia. Hilo lilinipendeza kuliko kichwa, ambacho kwa macho yangu ni kizuri mno kwa ugomvi kilioitiwa.

Mwaka 2020 Mpane aliongeza sanamu ya fuvu. Hapo nilikaa. Ni la Lusinga, chifu wa Watabwa, upande wa Ziwa Tanganyika, aliyeuawa mwaka 1884 na watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms, kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Unapita kati ya kichwa cha mbao na fuvu la mtu aliyekuwa na jina na watu wake, huku mzungu wa dhahabu akiendelea kuleta ustaarabu juu yako.

Ukuta mmoja wa jumba hilo umeandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya 1908. Msanii Freddy Tsimba hakuugusa. Aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wakiwemo wale saba waliokufa baada ya kuletwa Tervuren mwaka 1897 ili watazamwe na watu. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao huangukia yale ya ukutani.

Siku hiyo jua halikutoka. Yaya akakasirika: "Wetu ndio wangoje hali ya hewa?"

"Basi wangeweka taa?"

"Wangechonga ukutani, kama wenzao."

Sikuwa na jibu. Nilisogea kiooni nikasoma kwa sauti: Ekia, Gemba, Zao. Mzee mmoja aliyekuwa akipita upande wa ukuta akasimama, akageuka kutazama dirisha. Tulipomaliza tuliulizia njia ya kanisa la Tervuren, maana wote saba wamezikwa kando yake, na majina yao yako hapo hata mvua inyeshe.