Usafi Ulioua Samaki Wangu

Tulipohama Bujumbura kwenda Mutaho, nilibeba tangi la kioo, samaki 12 wa Ziwa Tanganyika na madumu ya maji ya ziwa hilohilo. Mama hakutaka uchafu katika nyumba mpya, basi nikaosha changarawe na sponji kwa maji ya moto mpaka vikang'aa.

Siku ya nne walikufa wawili. Kufikia Jumapili, saba. Nililaumu safari, kisha baridi ya milimani. Lakini kipasha maji kilifanya kazi. Maji yalikuwa yaleyale, chakula kilekile. Kilichobadilika ni kimoja tu: utelezi niliouosha.

Ndani yake waliishi bakteria wanaogeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Na katika maji ya Tanganyika, yenye pH karibu na 9, amonia huwa sumu kali zaidi.

Rafiki aliyebaki Bujumbura alinitumia kwa basi changarawe ya tangi lake, mbichi, haijaoshwa. Nikapunguza chakula, nikabadilisha maji kidogo kidogo. Watano wakapona.

Mama bado huuliza lini nitasugua tangi lile. Namwambia: Mama, utelezi huo ndio unaowaweka hai.