Muda Unakwenda Wapi?

Muhula huu niliandika programu ndogo ya kusoma ratiba za treni za hapa Sydney. Niliiandika kwa Python, na vifungu vyake nikavipa majina ya Kiswahili: soma_ratiba, panga_vituo, tafuta_njia. Ilikwenda polepole, nikaipima kwa perf, chombo cha Linux kinachoonyesha muda wa programu unatumika wapi.

Majibu yalikuja bila hata jina langu moja. Yalijaa majina kama _PyEval_EvalFrameDefault. Sababu ni kwamba Python tunayoitumia wengi wetu imeandikwa kwa lugha ya C. Kompyuta huendesha mkalimani, na mkalimani ndiye anayesoma mistari yetu. Perf ilimwona mkalimani tu. Toleo la 3.12, lililotoka mwaka 2023, lilileta dawa: unaianzisha programu kwa kuongeza -X perf, na Python yenyewe inakipa chombo majina ya vifungu vyako. Nikafanya hivyo. Programu ilikuwa ileile, lakini sasa soma_ratiba ilionekana juu kabisa, nikajua pa kuanzia.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga. Akipiga simu Jumapili, nami nikanyamaza katikati ya sentensi, husema, "Maneno yamekwisha, mjukuu wangu? Haya, nipe mama yako."

Wengi husema sisi tuliokulia Australia tumepungukiwa na msamiati. Hicho ni kipimo cha Kiingereza, ambacho kina "yangu" moja tu kwa viatu, kitabu na nyumba. Pima kwa Kiswahili uone. Neno "viatu" ninalijua tangu utotoni. Muda unakwenda baada ya hapo: viatu vyangu vipya vyote vimelowa. Kila neno linalofuata linasubiri ngeli.

Kwa hiyo nimeweka kando orodha za msamiati. Jioni, nikiwa kwenye treni ya Blacktown, nachukua nomino moja na kuipitisha kwenye vivumishi na vitenzi mpaka upatanisho uje wenyewe. Wenzangu chamani, mkiambiwa hamna maneno, angalieni kwanza muda wenu unakwenda wapi.

Nawe bibi, nikinyamaza, usikimbilie kumwita mama. Neno ninalo, nalitafutia wenzake.