Duka Kubwa na watoto wetu (sehemu ya 7)

Mama zangu, wiki hii kliniki mmeniuliza sana: likizo hii watoto tuwapeleke wapi bila kumaliza hela? Kwa wa Muleba ni nauli ya Hiace tu. Njooni Bukoba mjini, mtembee Barabara ya Jamhuri kuelekea ziwani mpaka Duka Kubwa.

Ni jengo la enzi za Mjerumani, na wenyeji husema ndilo duka la kwanza la mji huu. Ukipita na bodaboda utaona ukuta mkuukuu tu. Shuka. Mwambie mtoto kwamba Emin Pasha alianzisha kituo hapa mwaka 1890, na alikuwa daktari (mwenzetu wa fani, niacheni nijisifu kidogo). Mwambie pia kwamba Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani siku mbili, wakabomoa mnara wao wa redio, kisha askari wakapora mji. Mwanangu wa miaka saba akaniuliza, "Na pipi za dukani walibeba?" Nikamwambia labda walianza na hizo.

Sasa naongea kama nesi. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa la 5.9. Siku zile wengi wetu tulilala nje na watoto mgongoni, na mpaka leo mtu mzima akiingia jengo la zamani anatupa jicho ukutani kwanza. Waliozaliwa mwaka ule wako shule ya msingi, wao wanaegemea tu. Kwa hiyo majengo haya tazameni mkiwa ng'ambo ya barabara. Hakuna kupumzika chini ya baraza lenye nyufa, hata kama jua ni kali na mtoto analia. Mimi ningefurahi sana yakarabatiwe. Zanzibar watu wanapanda ndege kwenda kuona milango, sisi ya kwetu tunayaacha yaoze.

Mkifika ufukweni, kisiwa cha Musira kiko mbele yenu. Watoto wacheze mchangani, majini hapana, kichocho kipo. Aliyekwisha kuingia, ukiona tumbo linamsumbua muda mrefu au choo kina damu, mlete apimwe, dawa ipo.

Bebeni maji na ndizi za kuchoma. Wa Muleba, wahini gari la kurudi kabla giza halijaingia.