Tulivyokaa Mezani na Binti Yetu

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumewahi kushika daftari la mtoto, tukaona mwandiko mzuri na mistari iliyonyooka, tukalirudisha mezani tukiwa na amani moyoni. Sisi tulifanya hivyo mwaka mzima. Binti yetu alimaliza darasa la saba katika shule ya serikali ya hapa mtaani, akiwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Alipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza tulinunua sare, madaftari na begi, tukamshukuru Mungu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Baba yake ni fundi seremala. Sisi tunafanya kazi ya uuguzi, na zamu za usiku hazimwachii mama nafasi kubwa ya kukagua madaftari.

Siku moja, akiwa ameshaanza kidato cha pili, tulitoka zamu mapema tukaketi naye. Tulifungua daftari la baiolojia. Ukurasa ule ulieleza jinsi viumbe hai wanavyotoa uchafu mwilini, na kila neno lilikuwa limenakiliwa sawasawa, hata nukta zilikaa mahali pake. Tulimwuliza maana ya "excretion". Akanyamaza. Tukamwuliza "waste". Akanyamaza. Tukashuka mpaka "remove", macho yake yakajaa machozi. Mtoto ambaye shule ya msingi aliwaeleza wadogo zake habari za figo na ngozi kwa Kiswahili bila kukosea, sasa alikuwa amejaza kurasa hamsini za mambo asiyoyaelewa.

"Mama, darasani wote tunanakili," alisema. "Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, tunajibu yes."

Kisha akasema anataka kuacha shule akajifunze kushona nguo. Tungefurahi kama angependa kushona. Lakini hakupenda kushona wakati ule. Alikuwa amechoka kuonekana mjinga.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikumbuka kwamba sisi wenyewe tulipita njia hiyo hiyo. Katika shule zetu za msingi za serikali masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine. Mtoto akifika sekondari, mambo yote yanageuka katika mwezi mmoja wa Januari. Jambo hili si geni kwa wakubwa. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari na vyuo vikuu, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango kwa lugha zote mbili. Sisi tungependa mlango huo utumike. Lakini binti yetu hakuweza kungoja. Vitabu vyake vingi na mitihani yake mingi ilikuwa kwa Kiingereza, na mwisho wa mwaka ulimngoja mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa.

Kwanza tulikosea. Tulipitisha amri kwamba kuanzia chakula cha jioni nyumba nzima itasema Kiingereza tu. Nyumba ikawa kimya kama wodi saa nane za usiku. Baba yake akawa anakula haraka na kutoka nje. Mdogo wake wa mwisho alitaka maji, akashindwa kuomba, akaenda kunywa kwa bibi yake chumba cha pili, ambako sheria haikufika. Siku ya nne tuliifuta amri, na watoto wakasimulia kwa pamoja habari zote walizokuwa wamezizuia.

Hapo ndipo tulipokumbuka kisa chetu cha chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukiwa wanafunzi wa uuguzi, tuliandika ripoti ya usiku ya mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Alivunjika mkono juu ya kiwiko. Kwa Kiswahili mkono ni mkono, kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kinadai uchague, "arm" au "hand", nasi tukaandika "hand". Asubuhi fomu ya eksirei ikajazwa kwa kufuata maandishi yetu, na picha iliyopigwa ikawa ya kiganja. Mtoto yule alirudishwa, akainuliwa tena, akalia upya. Hakuna aliyetupiga wala kutufukuza, lakini mpaka leo tukisikia neno hilo tunauona uso wake.

Tulimsimulia binti yetu kisa hicho. Nadhani tunaweza kusema ndicho kilichomfungua, kwa maana hakuwahi kufikiri kwamba mama yake, mwenye cheti na sare nyeupe, aliwahi kushindwa neno fupi kama lile. Tulicheka pamoja, tukaanza kuorodhesha mitego ya namna hiyo. Mguu ni "leg" na pia ni "foot". Kidole ni "finger" mkononi na "toe" mguuni. Kuazima ni "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. Na sisi Waswahili tunasikia mambo mengi: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Basi mtoto huandika "I hear pain", na mwalimu hushangaa amelisikiaje. Mtoto huyo si mvivu. Amefikiri vizuri kwa lugha yake, akavuka mto mahali pasipo na daraja.

Tukampa daftari dogo. Kila jioni aandike sentensi tano za mambo aliyoyaona siku ile, bila kunakili popote. Jioni ya kwanza aliandika: "Today I wake up. I go to fetch water. The bucket is leak. I hear pain in neck. I am finish." Tulichukua kalamu nyekundu tukasahihisha kila kosa mpaka ukurasa ukafanana na kidonda kibichi. Kesho yake aliandika sentensi mbili tu. Tukaelewa. Kalamu nyekundu tukaiweka kabatini, tukakubaliana kushughulikia kosa la aina moja kwa wiki, na mengine yote tuyapite kama hatuyaoni. Ni kazi ngumu kuyapita, hasa kwa mtu aliyefundishwa kwamba kosa moja kwenye chati linaweza kudhuru mtu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya wakati uliopita. Aliandika "I did not went", kosa ambalo hata watu wazima wenye vyeo hulifanya. Tulimwonyesha kwamba yaliyopita yameshaingia ndani ya "did", kwa hiyo kitendo kinabaki na umbo lake la kwanza, "go". Wiki ya pili ilikuwa ya "he" na "she". Kiswahili kina yeye mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na binti yetu alikuwa akimwita kila mtu "he", hata mama mjamzito. Kosa hili lilichukua wiki tatu badala ya moja. Vijineno "a" na "the" hatukuvigusa kabisa, maana sisi wenyewe bado vinatusumbua.

Maneno mapya yalikuwa na daftari lake. Shuleni walipewa orodha ndefu za maneno na tafsiri zake, wakakariri Jumatatu na kusahau Ijumaa. Sisi tulimpa maneno matano kwa siku, kama dozi, na kila neno alitungie sentensi yake mwenyewe kuhusu mtu au kitu anachokijua. Tafsiri peke yake haikuhesabiwa. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, ile iliyotoka mwaka 1996, tulikuwa nayo tangu siku zetu za shule. Jalada lake limeshikwa na plasta ya hospitali, lakini kurasa zote zipo.

Jambo lililompendeza kuliko yote ni kukata maneno marefu vipande. Hili tulilitoa kazini. Muuguzi hujifunza mapema kwamba neno likiishia na "itis", kuna sehemu ya mwili iliyovimba na kuwaka moto: "tonsillitis" ni mafindofindo, "hepatitis" ni ini, "gastritis" ni tumbo la chakula, "appendicitis" ni kidole tumbo. "Hyper" ni kupita kiasi, "hypo" ni kuwa chini ya kiasi. Maneno mengi ya sayansi ya Kiingereza yamejengwa hivyo kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande hivyo hurudi tena na tena. "Thermo" ni joto na "meter" ni kipimo, ndiyo kipimajoto tunachokitia kwapani. "Bio" ni uhai, "geo" ni dunia, "graph" ni kuandika. Tulipofika kwenye "photosynthesis" tulimwambia "photo" ni mwanga na "synthesis" ni kuunganisha vitu kupata kitu kimoja. Akaruka kutoka kwenye kiti: "Kumbe ni usanisinuru!" Neno hilo alilijua tangu shule ya msingi, usanisi na nuru, limejengwa vilevile. Kumbe Kiswahili chake, alichokuwa akikionea aibu, kilikuwa kimeshamfundisha nusu ya somo.

Kusoma nako kulisaidia. Tulimtafutia "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer" vya Richard Mabala, vitabu vyepesi vya watu wa hapa kwetu, visivyomlazimisha mtoto kujifunza theluji na lugha kwa wakati mmoja. Jumapili mchana alisoma habari moja anayoijua ya Biblia, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza chepesi cha Good News. Msamaria mwema anajulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili, kwa hiyo "robber", "wound", "bandage" na "inn" vilijieleza vyenyewe.

Sasa tuje kwa jirani yetu anayeuza vitumbua, kwa kuwa wengi mtauliza: mama asiyejua Kiingereza afanye nini? Jirani huyu aliishia darasa la saba na ana kijana wa kidato cha kwanza. Alipoona tunakaa na binti yetu alisema, "Dada, wewe umesoma. Mimi nitamsaidia nini?" Hatukuwa na jibu. Alijitafutia mwenyewe. Kila alfajiri akikaanga vitumbua, kijana huketi kwenye kigoda karibu na jiko, husoma aya moja ya daftari lake kwa sauti, kisha humweleza mama yake kwa Kiswahili imesema nini. Mama humwuliza maswali kama anavyomwuliza mteja anayedai chenji: nani, wapi, kwa nini? Kijana akisema "hii ni ngumu kuieleza kwa Kiswahili", mama huchukua kipande cha mkaa akatia alama pembeni, na siku hiyo kijana hawezi kurudi nyumbani bila kumwuliza mwalimu sehemu ile. Madaftari yake yana weusi wa mkaa mpaka inachekesha, lakini tunakiri kwamba mama huyu alitushinda. Sisi tulikuwa tukimpa binti yetu majibu, na yeye alimtuma kijana wake akayatafute.

Kutoka kwake tukapata wazo la kukutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Tulianza na watoto tisa. Wengine waliacha kwa sababu Jumamosi ni siku ya kuchota maji au kwenda sokoni, na hatukuwalaumu. Waliobaki walisomeana sentensi zao tano, na kila mtoto alitakiwa kumwuliza mwenzake swali moja. Hatukuwasema walimu wa shule hata kidogo. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya sabini katika chumba kimoja hawezi kusoma sentensi tano za kila mmoja kila siku, na sisi tulikuwa wanne kwa watoto wasiofika kumi.

Majibu ya mtihani yalipotoka, binti yetu alikuwa na C ya Kiingereza, C ya baiolojia na D ya fizikia. Hakurudia darasa. Kushona amejifunza wakati wa likizo, na sketi aliyoivaa Pasaka aliishona mwenyewe, upande mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwingine.

Mwezi uliofuata bibi yake, ambaye ana kisukari, alipata kidonda, na sisi tulikuwa zamu. Binti yetu ndiye aliyetakiwa kumpeleka kliniki. Aliandika barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule bila kutuuliza, akaiacha mezani tuitie sahihi. Iliandikwa kwa Kiingereza, mistari sita. Ilisema bibi ana kidonda "on her left foot, under the big toe", na ni lazima kisafishwe siku hiyo. Tuliisoma mara mbili. Mguu ulikuwa "foot", kidole kilikuwa "toe". Mstari wa mwisho ulisema "He cannot walk alone". Tulitia sahihi, tukaiacha ilivyo.